Kiganja cha Kukhu

Juzi Jumamosi tulikuwa wanne, mimi na marafiki zangu watatu wa tangu sekondari, kwenye kafe moja mpya hapa Nakuru, ya ghorofani, ambayo ukikaa dirishani unaliona ziwa. Tuna mtindo wetu. Kila mwisho wa mwezi tunajaribu mahali papya, na sharti ni moja tu: haturudi tulipokwisha kula mpaka mji uishe. Mji wenyewe hauishi. Ukifumba jicho kumefunguliwa pengine, na kila anayefungua anaweka keki kwenye kioo na taa juu yake, nasi tunaingia tu.

Weita akatuletea keki ya moto na kijagi cha sosi ya kahawia, ile ya sukari iliyochomwa. Wenzangu walikuwa bado wanapiga picha. Mimi, bila kufikiri, nikakunja kiganja cha kushoto, nikadondosha matone mawili ya ile sosi katikati, nikalamba, nikafumba macho. Nilipofumbua, meza nzima ilikuwa inanitazama.

"Wewe, kijiko hujakiona?" akauliza mmoja.

"Mwacheni," akasema mwingine. "Tulimtoa Salgaa, Salgaa ikakataa kumtoka."

Tulicheka mpaka weita akaja kuuliza kama kuna shida. Nilicheka pia, lakini sikuwa nimekusudia kufanya vile. Ule mkono haukuwa wangu. Ulikuwa wa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, kama Waluhya wengi wanavyowaita nyanya zao. Niliwasimulia habari zake pale pale, sosi ikipoa, wakafurahi. Nazisimulia tena hapa kwa sababu kule mezani niliruka sehemu moja.

Kukhu alikuwa na hoteli Salgaa, kile kituo cha matrela barabarani ukishapita Nakuru. Nikisema hoteli, mlio rika langu mnajua nasema nini: mabati, meza sita zenye plastiki ya maua, mabenchi, ndoo ya maji yenye mfereji mlangoni, na nje matrela yamepangana kandokando ya barabara mpaka yanapopotelea konani. Babu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akafa mapema, na Kukhu badala ya kufunganya virago arudi kwao akawasha jiko. Kulikuwa na madereva waliotoka Mombasa na mizigo ya Uganda wakavumilia njaa kutoka Naivasha, wakapita Nakuru nzima na vyakula vyake vyote, ili tu wale kwake.

Niliishi naye. Wazazi wangu walikuwa Elburgon, Baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na Mama alipojifungua mapacha mimi nikapelekwa kwa Kukhu kwa muda kidogo. Huo muda kidogo ukawa miaka minne, na sijawahi kuulalamikia.

Basi, Kukhu hakuonja kwa kijiko hata siku moja. Alisema kijiko kina ladha ya kijiko. Alichota mchuzi kidogo kwa mwiko, akaudondosha katikati ya kiganja cha kushoto, akangoja upoe, akaulamba, akafumba macho. Jikoni kote kulinyamaza. Hata Mama Chebet, rafiki yake wa miaka mingi aliyesonga ugali hapo, aliusimamisha mwiko wake ndani ya sufuria. Halafu Kukhu alitamka neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Imekubali." Akisema bado, hakuna sahani iliyotoka, hata dereva awe amepiga honi mpaka mkono umechoka.

Nilikuwa darasa la tatu, na hilo jambo lilinitia kicho kuliko kanisa. Nilikuwa nimeshajitafutia maelezo yake. Niliamini kwamba ladha haikai ulimini, inakaa kiganjani, ndiyo maana mchuzi lazima upitie hapo kwanza. Kiganja cha Kukhu kilikuwa na mistari mirefu iliyoingiwa na manjano ya bizari, manjano yasiyotoka hata kwa sabuni, na niliamini kwamba ile rangi ndiyo ladha yenyewe, imejiweka hapo kidogo kidogo tangu zamani. Changu kilikuwa kitupu. Nilijaribu mara nyingi kwa siri, na mchuzi ukidondoka hapo ulikuwa tu mchuzi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya matumbo. Kukhu alidondosha mchuzi kiganjani, na kabla hajauinua mkono mimi nikaurukia, nikaulamba wote. Wote kabisa, mpaka kwenye ile mistari. Ulikuwa na chumvi, na dania, na tangawizi, na nyuma ya hivyo vyote moshi wa kuni kidogo, kila kimoja kikipiga hodi kwa zamu yake. Sikuwa nimewahi kuonja kitu namna ile. Nikabaki mdomo wazi.

Kukhu alishtuka, kisha akacheka. "Mwizi wewe," akasema, akageuka kunifukuza kwa mwiko, kwa mchezo tu, na mguu wake ukakanyaga mahali maji ya kuoshea vyombo yalipokuwa yamemwagika. Alianguka chali. Kisogo kiligonga ukingo wa simiti wa jiko. Mlio ule sitaueleza.

Alilazwa hospitalini Nakuru wiki nzima. Aliporudi, kitambaa kichwani, Mama Chebet akampikia chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, ile aipendayo. Kukhu akanywa. Akaangalia ndani ya kikombe. Akanywa tena.

"Mama Chebet, haya maji umeyachemshia nini?"

"Ni chai, dada."

"Naona rangi ya chai," akasema Kukhu, akaweka kikombe chini polepole sana.

Alijaribu kupika. Mikono ilijua kazi yake, lakini alipofika kwenye kiganja alisimama hapo, macho yamefumbwa, na lile neno halikuja. Akakisia. Siku ya tatu dereva mmoja, mzee aliyekuwa akila kwake tangu kabla sijazaliwa, aliisukuma sahani kando taratibu, kama mtu asiyetaka iamke.

"Mathe, leo umechoka, ama?" akamuuliza.

Kukhu alivua aproni, akaitundika nyuma ya mlango, akaenda kukaa nje juu ya kreti ya soda akitazama matrela yakipita. Hivyo ndivyo hoteli ilivyofungwa, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa ndani. Niliogopa. Huyo mama aliyekaa kwenye kreti alikuwa na sura ya Kukhu, lakini Kukhu niliyemjua hakuwahi kukaa bure.

Daktari alimweleza Baba kwamba ukigonga kisogo hivyo, vile vinyuzi vinavyobeba harufu kutoka puani kwenda kichwani hukatika, na harufu ikienda, ladha nayo haibaki na kitu. Pengine vitaunga, pengine haviungi. Mpeni vyakula tofauti tofauti, alisema, vyenye harufu kali, na msichoke. Niliyasikia hayo yote nikiwa kwenye benchi nimekumbatia mkoba wa Kukhu, na sikuyaamini hata kidogo. Daktari hakuwepo jikoni. Mimi nilikuwepo. Ladha ilikuwa kiganjani, mimi nikailamba, na neno la mwisho Kukhu alilosema akiwa nayo lilikuwa mwizi wewe.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoiruka kule kafe.

Baba ni mtu wa mbao. Kitu kikivunjika, anatafuta kipande kinacholingana na pengo. "Nakuru iko na hoteli ngapi?" akasema. "Tutazimaliza. Mahali fulani kuna kitu kitaamsha huo ulimi." Basi kila Jumapili baada ya kanisa alishuka kutoka Elburgon na pikapu ya kazi, yenye unga wa mbao mpaka kwenye viti, akatupakia Salgaa: Kukhu, Mama Chebet, na mimi juu ya magoti ya mmoja wao. Tuliingia mjini na nguo za kanisani, tukinuka saipresi, watu wanne wenye akili zao wakitafuta kitu kilichopotea ndani ya sahani za watu.

Sijui niwaelezeje zile Jumapili. Nilikuwa mtoto wa ugali, sukuma wiki na madondo yetu ya maharagwe, na chipsi siku za kufunga shule. Jumapili ya kwanza tukaletewa samaki mzima, ana kichwa na meno, amelala kwenye nyanya na vitunguu vinavyochemka bado, na nilidhani kuna makosa, kwamba wametuletea samaki wa mkubwa fulani. Jumapili ya pili tukapanda ngazi za hoteli moja ya Wahindi nyuma ya soko. Harufu ilitupokea tangu chini na kuzidi kwa kila ngazi, mpaka nikashika gauni la Mama Chebet. Kila mtu alipewa sinia la chuma lenye vibakuli saba. Saba. Kwetu mboga ilikuwa moja na ilikuwa na jina moja. Nilihesabu vile vibakuli mara mbili nikamwangalia Baba kujua kama ni sisi wote tunagawana, naye Baba, maskini, alikuwa anahesabu vyake.

Kukhu alionja kila kitu, kwa adabu, akatafuna, akameza. Halafu alinigeukia mimi. Kwa nini mimi, sikujua. Mwanzo alimuuliza Baba, na Baba akasema, "Ni tamu, Mama."

"Tamu hata nzi anajua," Kukhu akamjibu. "Tamu vipi?"

Baba akaangalia sahani. Mbao angeweza kukueleza kwa kunusa tu, huu ni mti gani na ulikatwa lini. Chakula kilimshinda. Kukhu akanigeukia: "Nekesa, niambie wewe."

Nikajikaza. Mbele yangu kulikuwa na wali wa rangi ya jua. "Inaanza polepole," nikasema. "Halafu inapanda puani. Halafu inaacha kitu kama... kama sabuni nzuri, ya wageni."

"Hiyo ni iliki," akasema Kukhu, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke nikaona jicho lake limeamka. "Endelea."

Nikaendelea. Kila Jumapili nikaendelea. Nilimweleza kuku anayezungushwa nyuma ya kioo mpaka ngozi inapasuka, nikasema ngozi ni chumvi na nyama ndani ni kama haina habari. Nilimweleza pilipili ya kijani iliyonifanya nione meza mbili. Yeye alitaja majina: hiyo ni bizari ya pilau, hiyo ni ndimu wameikamua mapema sana, hao wamezidisha vitunguu saumu kuficha nyama ya jana. Weita mmoja aliyesikia hilo la nyama ya jana hakurudi tena mezani petu, akamtuma mwenzake.

Mama Chebet naye alikuwa na imani yake. Jumapili ya nne tukiwa kwa wale wa kuku, alifungua mkoba wake wa kanisani akatoa kibuyu kizima cha mursik, maziwa ya kwao yale ya kugandisha yenye unga wa mkaa, akakiweka katikati ya meza.

"Pole, mathe," weita akasema. "Chakula cha kutoka nje hatukubali."

"Hiki si chakula, boss. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuonja," akasema Mama Chebet, na huku akimmiminia Kukhu kwa gilasi ya maji.

Kukhu akanywa funda. Sote tukaacha kutafuna, hata yule weita. "Nasikia uchachu," akasema. "Kwa mbali. Kama mtu ananiita kutoka ng'ambo ya barabara na sisikii anasema nini." Baba akasimama akaenda kunawa mikono, ilhali alikuwa ameshanawa, na akakaa huko muda.

Mnaona basi nilivyokuwa. Kila Jumapili ulimi wangu ulifunguka zaidi. Niliweza kutofautisha tangawizi kavu na mbichi. Niliweza kujua chapati iliyokandwa na maji ya moto. Mtu mzima angesema ni kwa sababu nakula vitu vipya na kuulizwa maswali, ndivyo mtoto hujifunza. Mimi nilijua ni ladha ya Kukhu inazidi kuota mizizi ndani yangu. Kila kilichonishangaza kwa utamu kilikuwa ushahidi, na kilichonishangaza kilikuwa kila kitu. Nilikuwa nakula huku nimeduwaa kwa raha na nimekufa kwa hatia, vyote kwa kijiko kimoja.

Nilijaribu kuirudisha. Tukiwa njiani kwenda mjini niliuchukua mkono wake wa kushoto, nikauweka mdomo wangu katikati ya kiganja, nikagusisha ulimi, nikangoja. Kukhu alidhani namkisi. "Mtoto huyu ana mapenzi," alisema, akapangusa mate kwenye gauni. Nilipoona anapangusa, nilijua ni kwa nini haishiki.

Ndipo ikafika Jumapili ambayo Kukhu, kabla ya kupanda pikapu, alisema kwamba hii ndiyo ya mwisho. Kuna mtu anataka nyumba ya hoteli aweke duka la vipuri vya matrela, anakuja kesho kuiangalia, na meza atazichukua pia. "Nimeshiba kutafuna bila kula," akasema. Mama Chebet alitazama barabara. Baba akawasha gari, akazima, akawasha tena.

"Basi tumalizie na vitu vya baridi," akasema. "Baridi hatujajaribu."

Kafe yenyewe ilikuwa ya vitu vitamu vitupu. Sikujua kama inawezekana, mtu kufungua mahali pasipo na ugali wala chai, sukari peke yake kuanzia mlangoni mpaka ukutani. Hewa yake ilikuwa baridi ya kutafuta sweta. Nyuma ya kioo kulikuwa na aiskrimu za rangi kumi na kitu zimelala kwenye mabeseni marefu, na dada mwenye kofia nyeupe akizikwangua kwa kijiko cha mviringo. Aiskrimu niliyoijua mimi ilikuwa ya yule mzee wa baiskeli, barafu yenye rangi. Nilisimama pale nimeweka viganja vyote viwili kwenye kioo mpaka dada akaniambia kwa upole, "Mtoto, utaacha alama."

Tukaletewa kwenye bilauri ndefu, nyeupe na manjano, mbegu nyeusi za pasheni zikiteremka pembeni. Kukhu akaonja.

"Baridi," akasema. Akaonja tena. "Laini. Baridi." Akaweka kijiko juu ya karatasi, akakinyoosha kiwe sawa na ukingo wa meza. "Haya, Nekesa, niambie. Ndiyo ya mwisho."

Nikatia mdomoni. Na sasa, baada ya miaka yote hii na kafe zote ambazo mimi na wenzangu tumezimaliza, nawaapia sijapata tena kitu kama kile. Ilikuwa kama mtu amewasha taa kwenye chumba nisichojua kiko ndani ya nyumba yetu. Iliyeyuka kabla sijaielewa. Nikataka kusema, na badala ya maneno nikaanza kulia, kilio kile cha mabega, aiskrimu ikinitoka kwenye pembe za mdomo.

"Ni nini?" Baba akauliza. "Ni jino?"

"Ni yako," nikamwambia Kukhu. "Hii ladha ni yako. Nililamba mkono wako siku ile, nikaimaliza yote, ndiyo ukaanguka. Iko kwangu. Nimejaribu kukurudishia kwa gari na unapangusa."

"Nekesa, acha upuzi," Baba akasema. "Daktari alieleza vizuri kabisa kwamba..."

Kukhu akamwinulia mkono, naye akanyamaza, mtu mzima na ndevu zake.

Kukhu akaniangalia. Sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote. "Iko kwako," akasema.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Nafikiri yote."

"Na unaisikia vizuri?"

"Vizuri sana, Kukhu," nikasema, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi kulisema, kwa sababu lilikuwa kweli.

Akavuta kiti chake karibu. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akaukunja vidole kidogo mpaka kiganja kikawa kibakuli, akachota aiskrimu iliyoyeyuka akadondosha matone mawili katikati. "Onja vile mimi huonja," akasema. "Ngoja kwanza. Lamba. Funga macho. Na usiniambie tamu."

Nikafunga macho. Kafe nzima ikanyamaza, au mimi ndiye niliyenyamaza. "Maziwa ndiyo ya kwanza," nikasema. "Halafu pasheni inakuja inakuna hapa kwa mashavu. Halafu mwisho kabisa kuna chumvi kidogo."

"Chumvi kwa aiskrimu?" Baba akauliza.

Kukhu akageuka kuelekea kwenye kioo. "Dada," akaita, "hii kitu yenu ina chumvi?"

Yule dada akainua kichwa. "Ndiyo, mathe, tunaweka kiasi kidogo sana. Nani amewaambia? Hakuna mtu hujua."

Kukhu aliniangalia mimi, kisha kiganja changu, kisha mimi tena, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubeba gunia. "Mama Chebet," akasema, "yule wa vipuri anakuja saa ngapi kesho?"

"Saa nne."

"Mwambie asije. Mikono ninayo. Ulimi ni huyu hapa."

Mama Chebet alipiga meza kwa kiganja, mara moja, vijiko vyote vikaruka.

Hoteli ilifunguliwa Jumanne. Nilisimama juu ya kreti ile ile ya soda, bado nina sare ya shule, maana Kukhu alipanga mchuzi uive nikishatoka darasani, na wa mchana nilionja asubuhi na mapema kabla ya kengele. Akadondosha kiganjani kwangu. Nikafumba macho. Nikasikia jikoni kukinyamaza, mwiko wa Mama Chebet ukisimama, na nje honi. Nilikuwa na miaka tisa na watu wazima walikuwa wanaingojea sauti yangu kwa pumzi zilizozuiwa.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?" akauliza Kukhu.

"Dania. Na chumvi ya kidole kimoja."

Akaongeza bila kubisha. Yule mzee dereva alikuja jioni hiyo, akala kimya, akapangusa sahani kwa ugali mpaka ikang'aa, akaomba nyingine.

Ladha ya Kukhu haikurudi. Vile vinyuzi havikuunga kamwe. Alipika miaka mingine mingi hivyo hivyo, kwa mikono yake na ulimi wangu, na nilipokwenda sekondari ya bweni akamfundisha kuonja Chebet, binti wa Mama Chebet, ingawa nikirudi likizo alinipokea kwanza kwa mwiko kisha kwa salamu.

Nilipofika kidato cha tatu tulisoma habari za pua na ulimi, kuna mchoro wake, na nikakaa darasani nimeukodolea macho ule mchoro, uso ukinichoma. Nilikuwa nimebeba wizi ambao haukuwahi kutokea. Likizo hiyo nikamkuta akimenya viazi nyuma ya jiko, nikamwambia kwa hasira kabisa. Ulijua, nikasema. Ulijua siku ile ile kwamba si kweli, na ukaniacha niamini. Mtoto wa miaka tisa.

Kukhu akamaliza kiazi alichokishika, akakitupa kwenye maji. "Kulikuwa na habari mbili," akasema. "Ya daktari ilisema imekatika. Ya kwako ilisema imehama tu, iko hapa hapa kwa nyumba. Mimi nikachukua ya kwako." Akachukua kiazi kingine. "Ungekuwa ni wewe ungechukua gani?"

Hasira yangu haikupata mahali pa kukaa. Nikachukua kisu nikamenya naye.

Jumamosi ile, wenzangu walipomaliza kunicheka, nilimwomba weita anifungie ile sosi ya kahawia kwenye kikopo. Jumapili baada ya kanisa nikaenda Salgaa. Kukhu siku hizi hapiki. Chebet ndiye mwenye hoteli, na Kukhu hukaa mlangoni kwenye kiti chenye mto, mwembamba, akisalimiwa na madereva ambao baba zao aliwalisha. Aliponiona na kikopo hakuuliza ni nini. Alikunja tu kiganja cha kushoto, akakinyoosha mbele yangu. Yale manjano yamekwisha fifia, lakini mistari iko.

Nikadondosha matone mawili. Akangoja, ingawa ilikuwa imepoa tangu jana. Akalamba. Akafumba macho.

"Niambie," akasema.

"Ni sukari," nikasema, "wameichoma mpaka ikakaribia kuungua, halafu kuna mtu jasiri akaitoa motoni wakati huo huo. Ndiyo uchungu unausikia kidogo, kule mwisho. Siagi inakuja kuutuliza. Na wameweka chumvi, Kukhu, kiasi kidogo sana."

Hakufumbua macho. Mdomo wake ulikuwa ukienda polepole, kama wa mtu anayekula. Ndani, Chebet alikuwa ameusimamisha mwiko, na dereva mmoja aliyekuwa akinawa mikono mlangoni akafunga mfereji, bila kujua kwa nini, akangoja nasi.

"Imekubali," akasema Kukhu.